Mji wa Gizani katika wasifu wa kaka

Hili nalikiri kwa aibu. Mimi na kaka yangu Josefu tuligombana, akahama kwetu Mwanga, nami sikumtafuta tena. Simu ya msiba ndiyo iliyonifikisha Simbo, kijijini alikofia. Kwa kuwa ndimi ndugu yake pekee, tena mwalimu, wazee wakaniambia niandike wasifu wa marehemu wa kusoma makaburini. Nikaona haya kusema kwamba sijui aliishije.

Kwenye begi lake nikakuta daftari: Historia ya Mji wa Gizani. Bandari ya magendo, mahakimu wanaonunulika, majambazi kila mtaa, na mwanaume mmoja mwenye barakoa anayewatetea wanyonge. Mwalimu mzima nikajiambia, kumbe kaka alikuwa askari ughaibuni!

Nikasoma mbele ya jeneza, sauti imenyooka: "Marehemu aliulinda Mji wa Gizani kwa ujasiri mkubwa..."

Watu wakatazamana. Binti wa marehemu, Neema, akanishika mkono.

"Baba mdogo, mji huo haupo. Ni hadithi ya katuni, alikuwa ananitungia mimi. Baba hakwenda popote. Miaka yote alikuwa hapa hapa Simbo, analima mihogo. Kila pikipiki ikitoka Mwanga, alikuwa anasimama kuangalia kama ni wewe."