Mwanamke wa Kituku anayepima hewa kabla ya kugusa pampu

Ukimsikiliza Mama Katungu, ambaye dirisha lake linatazama kiwanja cha jirani huko Kituku, Goma, jirani huyo, Philomène Mukagasana, anaabudu samaki. Eti kila alfajiri hufunga mshumaa kwenye ufito, akauteremsha shimoni kando ya bwawa, akainama kama mtu anayengoja kujibiwa. "Na samaki wake wananona tu," huwamalizia wenzake kisimani. "Mujiulize nani anawalisha!"

Asubuhi hii mshumaa unateremka tena. Jua halijatoka na upepo umelala. Philomène ameshika ufito kwa mikono miwili. Moto unapofika usawa wa pampu unafifia, kisha unazimika.

"Iko mule," anasema, akirudi nyuma. "Siingii kwanza."

Kilicho mule ni mazuku, hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za mawe ya volkano na kutuama mashimoni kama maji. Haina rangi. Bata wake ndiye aliyemfundisha: aliingia shimoni kutafuta wadudu, hakutoka. Tangu hapo Philomène hatii mguu mule kabla moto haujatangulia.

Shida ni kwamba pampu haijui kungoja. Ni ndogo, ya batri ya jua, haiwezi kuvuta maji kutoka mbali, ndiyo maana imewekwa chini vile. Hupandisha maji hadi kwenye pipa la kokoto, yakachujika, yakarudi bwawani kwa kuanguka. Kuanguka huko ndiko kunakowapa samaki pumzi. Sasa ukoga umeziba kichujio cha pampu, nayo imemeza hewa.

"Sikia vile inakohoa." Anachomoa waya wa batri huku juu, isije ikaungua kwa kuzunguka kavu.

Samaki wameshapanda juu, vinywa wazi.

Philomène anashika beseni. Anachota, anainua juu ya kichwa, anamwaga, anachota tena. Kitenge kimelowa chote. Mumewe, Papa Habarurema, aliyekuwa akichunga ng'ombe kwenye milima ya Masisi, anatoka na beseni lake.

"Ng'ombe walijua kupumua wenyewe," ananung'unika.

"Mwaga, papa! Utawasema wakishapona."

Ng'ombe walibaki Masisi, familia ilipokimbia vita. Samaki hawa ndio wanaolisha nyumba na kuwapeleka watoto shuleni. Wakifa, hakuna kingine.

Jua linapanda, upepo wa ziwa unaamka. Mshumaa unashushwa tena, na mara hii moto unasimama. Philomène anashuka upesi, kamba kiunoni, mumewe ameishika ncha. Anasugua kichujio kwa mswaki mkuukuu, anajaza bomba maji kwa jagi mpaka mapovu yaishe, anakaza kifuniko, anapanda. Waya unarudi mahali pake. Pampu inaguna, inakohoa, halafu sauti yake inanyooka. Maji yanaanguka.

Hakuna samaki aliyekufa. Philomène anakamua kitenge, hajisifu.

Haoni cha kujisifia. Zamani hewa ile iliteremka yenyewe hadi kwenye mawe matupu yasiyo na nyumba. Tangu Mama Katungu ajenge ukuta kwenye kipande chake cha ardhi, chini ya mteremko, haina pa kupitia. Philomène anataka tundu moja tu chini ya ukuta, upana wa sufuria.

Mchana anakwenda kwake na samaki kwenye sahani.

"Leo mulikuwa wawili munaomba," Mama Katungu anamlaki.

"Mie naombaka mu kanisa, mama. Kule shimoni natafutaka mazuku." Anamweleza yote, mshumaa, bata, ukuta.

"Sasa hiyo mazuku ikitoka kwako, inaenda wapi? Si kwangu?"

"Inapita juu ya mawe, upepo inaibeba. Hakuna mutu analala kule."

"Nilitaka kufuga nguruwe kule."

"Nguruwe nao watakufa, mama, kama ukuta inafungia mazuku kule. Wafugie huku juu, karibu na nyumba." Philomène anashusha sauti. "Siku moja moto itanidanganya, na ni mie nashukaka mule. Niruhusu nitoboe tundu moja chini ya ukuta, upana wa sufuria."

Mama Katungu anapokea sahani, anafunua kitambaa, anawageuza samaki kwa kidole. Kisha anaingia jikoni. "Toboa, lakini isipite sufuria," anasema kutoka ndani. Philomène amesimama mlangoni, anasikia mafuta yakianza kuchemka.