Wizi Nilioutunga kwa Kuchekesha

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja jioni pale Shianda, katika hoteli ya chai ya shangazi yangu Rebeka. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai, na aliyewachekesha ni mimi. Ningeweza kuwa nimeisahau, maana miaka ni mingi na kichwa changu siku hizi kinajichagulia cha kubaki nacho. Lakini juzi nilikuwa jikoni nachambua kunde, nikawasikia wewe na wenzako sebuleni mkibishana juu ya ule mchezo wenu wa wezi mnaoufuata kwenye simu. Mmoja alisema haiwezekani mtu apite mbele ya walinzi sita akiwa amevaa nguo za mpishi. Mwingine akasema wacha, bora inachekesha. Kisha wewe ukawaeleza jinsi duka la jirani yetu lingeibwa kwa urahisi kuliko hiyo benki yao, mkacheka sana. Sikuingia kukemea. Nilimaliza mboga zangu, nikasema huyu nitamwita nimpe habari za Mzee Andaye.

Wakati huo miwa ilikuwa imetushika sote. Watu waliipanda mpaka mlangoni. Ukitoka jikoni, majani yake yanakukuna mkono. Matrekta yalipita tangu asubuhi yakivuta matrela kwenda kiwandani, na upepo ukigeuka ulituletea harufu nzito ya molasi hadi vitandani. Nyumba za nyasi zilivaa mabati. Wanaume walinunua baiskeli na redio, na shangazi yangu, ambaye alikuwa mjane na hakupenda kupitwa, akanunua televisheni. Ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya lori, na antena yake tuliifunga juu ya mwanzi mrefu nje. Picha ikipotea, mtu alitoka kuuzungusha ule mwanzi huku sisi tukimwelekeza kupitia dirishani.

Kila Jumamosi jioni kulikuwa na mchezo wa kigeni wa wezi watano. Jina lake la Kizungu halikumkaa mtu mdomoni, tukauita Wale Watano. Wiki hii waliiba almasi, wiki ijayo picha ya mfalme, wiki nyingine farasi wa mashindano. Mkubwa wao alivaa kofia nyeupe na hakukimbia hata siku moja. Alikuwepo pia mnene tuliyemwita Bwana Tumbo, ambaye kila dirisha la kutorokea lilimnasa kiunoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikimsaidia shangazi kuhudumia meza, na Kiingereza nilikijua. Kwa hiyo nilisimama kando ya televisheni na kutafsiri. Waliniita Mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu, na watu wazima wenye ndevu wananiita Mwalimu. Unaweza kuona kilichonipata kichwani.

Mchezo ukiisha ndipo mabishano yalipoanza, na nakuambia kweli, yalikuwa matamu kuliko mchezo wenyewe. Wanjala, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa akitengeneza matrela, hakuwa na subira na wezi wale.

"Kasha la chuma kama lile unakata kutwa nzima," alisema. "Na mtungi wa gesi hubebwanga na watu wawili. Huyu ameutoa kwa mkoba kama mkate."

Aliyempinga kila mara alikuwa Mzee Andaye, mlinzi wa ghala la mbolea la wakulima, ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa kanisa. Alikuwa mtu mrefu na mpole, mwenye koti kubwa alilolivaa hata kwenye jua. Alicheka bila sauti. Mabega yalitikisika tu, na machozi aliyafuta kwa kofia yake.

"Wanjala, wewe unatafuta nini huko ndani?" alimuuliza. "Ikikuwa kweli, basi hao ni wezi tu. Mwizi wa kweli anachekesha nani? Mimi nataka yule mnene akwame, nicheke, niende nyumbani."

"Hata uongo una kipimo, mzee," Wanjala akajibu. "Ukizidi sana sicheki tena. Naona kama wananidharau."

Mimi nilikuwa upande wa Wanjala. Nilipenda kuonyesha pale mchezo ulipokosea: saa ukutani haikusonga, mvua imenyesha na viatu vya mwizi ni vikavu. Shangazi alikuwa upande wa Mzee Andaye. Watu waliokuwa wamekata miwa kutwa, mikono imewachanika, walikaa wakijadili kufuli na kamba kana kwamba ni shauri la ukoo. Hakuna aliyekosana na mwenzake kwa sababu hiyo.

Sasa, Jumapili shangazi alikuwa akinituma kumpelekea Mzee Andaye chai pale ghalani. Jumapili moja nilimkosa mlangoni. Nilimwona ng'ambo ya ua, amesimama nje ya dirisha la kanisa, kofia mkononi. Ndani, binti yake Ayuma alikuwa akiongoza kwaya. Yule mzee alikuwa amefumba macho. Funguo za ghala alikuwa ameziacha chini ya benchi lake la mlangoni, ndani ya kikombe, ili zisilie akiwa pale dirishani.

Alipogeuka na kuniona, alitahayari kama mtoto. "Usiseme, mwanangu," akaniambia. "Ni nyimbo mbili tu. Nikisikia sauti yake, wiki inanienda vizuri."

Nikamwahidi.

Jumamosi ninayokueleza, Wale Watano walishuka kutoka paa refu kwa kamba nyembamba kama ya kufungia mbuzi, na Bwana Tumbo akashuka nayo pia. Hoteli ikagawanyika. Wanjala alisimama akapima unene wa kamba kwa vidole. Mzee Andaye alikuwa bado anafuta machozi. Nami nikaona hapa ndipo nitakapowamaliza wote wawili, nitoe wizi unaowezekana na unaochekesha pia.

"Mimi ningeiba ghala letu bila kamba," nilisema, sinia ya vikombe mkononi. "Ningekuja Jumapili, watu wako kanisani, na trekta lenye trela la miwa. Nani amewahi kuliuliza trekta la miwa linakwenda wapi? Napanga magunia ya mbolea chini, miwa juu, naondoka polepole nikiwapungia watoto mkono."

"Na Mzee Andaye?" mtu akauliza, wakianza kucheka.

"Mzee Andaye yuko dirishani anaimba sauti ya nne. Mpaka kwaya imalize nyimbo mbili, mimi nimefika mtoni."

Nikamwigiza, macho yamefumba, kichwa kikienda huku na huku. Walicheka wote. Dereva mmoja wa trekta la kukodi aliyetokea upande wa Malava, jina lake Kizito, mtu mkimya aliyekaa karibu na mlango, aliuliza, "Na funguo?"

"Zimelala kikombeni chini ya benchi, zinangoja chai."

Hapo ndipo chai ilipomwagika. Mzee Andaye alitabasamu pamoja na wengine, lakini mabega yake hayakutikisika. Alivaa kofia yake, akaaga kwa heshima, akaenda.

Tulipokuwa tunaosha vikombe, shangazi aliniambia, "Leo hukutafsiri, Mmbone. Leo umemtaja mtu."

"Ilikuwa mchezo tu, shangazi."

"Yule mnene ukizima betri amekwisha. Andaye kesho ataamka aende kazini."

Nilikasirika. Niliona ananionea wivu kwa kusikilizwa.

Jumapili ya pili baada ya hapo, ghala liliibwa, Mzee Andaye akiwa dirishani kwa nyimbo zake mbili, bila kudhani kuna aliyeuchukua mzaha ule kwa kweli. Kufuli haikuvunjwa. Magunia ya mbolea ambayo wakulima walikuwa wanangoja kugawiwa yalitoka mchana kweupe, na watu waliokuwa nje hawakukumbuka kuona kitu ila trekta la miwa. Kabla ya jua kuzama, askari wa chifu walikuwa wamemchukua Mzee Andaye. Kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, kila mtu alisema ameiuza mbolea mwenyewe. Wale wale waliocheka na mimi walisema hivyo. Sijui kama walisahau au waliogopa kukumbuka. Mimi nilikumbuka neno kwa neno, nikanyamaza. Niliogopa kuambiwa nilishirikiana na wezi.

Siku ya tatu Ayuma alikuja hotelini. Tulikuwa rika moja. Hakuketi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mmbone, wewe humpelekeanga baba chai Jumapili," alisema. "Kuna kitu uliona? Mtu yeyote akizunguka pale? Hata kidogo kitamsaidia."

"Sikuona kitu," nikasema.

"Asante hata hivyo," akanijibu, akatoka.

Nimefanya makosa mengine maishani, mwanangu, na mengine ni makubwa kwa macho ya watu. Lakini hilo ndilo lililonifanya nijiogope. Kwamba niliweza kumwangalia usoni mtoto wa mtu niliyemwangusha, na sauti yangu haikutetemeka, na yeye akanishukuru. Chakula kilinishinda. Asubuhi yake nilimwendea shangazi jikoni nikamwambia yote, pamoja na ahadi niliyoivunja. Nilitarajia matusi. Aliondoa sufuria motoni, akajifunga kitambaa kichwani, akasema, "Vaa viatu."

Katika ofisi ya naibu wa chifu tulikuta wazee wa kamati ya ghala, na Mzee Andaye ameketi kwenye benchi, viatu vyake havina kamba. Nilisema huku nikitazama sakafu. Nilieleza nyimbo mbili, kikombe, trekta, na nani aliyeuliza habari za funguo.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ulijua mlinzi hutoka mlangoni, ukawaambia watu hotelini."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili wacheke," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia tu shangazi akivuta pumzi nyuma yangu.

Siku mbili baadaye, sehemu kubwa ya yale magunia ilipatikana imefunikwa kwa majani ya miwa katika shamba moja njia ya kwenda Malava, na Kizito akapelekwa mahakamani Kakamega. Mzee Andaye aliachiliwa. Kazi hakurudishiwa, na sikuweza kuwalaumu, kwa sababu ni kweli aliondoka mlangoni. Umri wake ule, alichukua panga akaenda kukata miwa pamoja na vijana. Nilimwona akipita jioni, koti limejaa masizi ya miwa iliyochomwa kabla ya kukatwa.

Tulikwenda kwake, mimi na shangazi, tumebeba kuku. Alitupokea vizuri. Alimpokea kuku, akatuita ndani, akaniketisha. Nilipiga magoti kumwomba msamaha, akaniambia niinuke.

"Mbolea iliibwa na Kizito," alisema. "Hiyo si yako. Yako ni ile siri. Mimi nilikupa wewe tu. Ukaipeleka pale mbele ya watu, ukanifanya kama yule mnene." Kisha akasema, "Wale wa televisheni hawana watoto, Mmbone. Mimi niko nao."

Alinisamehe siku hiyo hiyo. Ayuma alichukua miaka, na hakuwahi kunisamehe yote. Tulisalimiana, tukahudhuriana kwenye matanga ya jamaa zetu, lakini hakuniambia tena jambo lake la moyoni hadi alipofariki. Haki yake hiyo ninaiheshimu. Hotelini watu waliendelea kuja. Niliwatafsiria, Bwana Tumbo akakwama madirishani kama kawaida, na Wanjala akalalamika. Mzee Andaye hakuja tena kutazama. Jumapili, hata hivyo, hakuwa tena na mlango wa kulinda, akawa anaingia kanisani na kuketi benchi la mbele, kofia magotini, akisikiliza nyimbo zote.

Basi, mwanangu, sikukatazi kutazama michezo yako. Bishaneni. Pimeni kama kamba ingekatika, chekeni mnene akikwama; akili inanolewa hapo na urafiki pia. Nilikuwa nadhani Mzee Andaye hakuelewa mambo alipokataa mchezo ufanane na kweli. Alielewa kuliko mimi. Aliyetungwa hana cha kupoteza, ndiyo maana tunaweza kumcheka mpaka tuchoke. Ukihamisha kicheko hicho ukakiweka juu ya mtu wa hapa kwetu, ukataja mlango wake, mazoea yake na udhaifu aliokuamini nao, umetoka kwenye mchezo hata kama wanaokuzunguka bado wanacheka. Hujui nani ameketi karibu na mlango. Na hata asingekuwepo mwizi yeyote, aliyetajwa yupo, anakusikia.

Na siku ulimi wako utakapomuumiza mtu, maana utamuumiza, sisi sote huumiza, usingoje siku ya tatu. Usingoje mtoto wake aje kukuuliza. Nenda wewe kwanza, ukaseme wewe mwenyewe, mbele ya hao hao ambao ungependa wasisikie. Utaaibika. Aibu hiyo nimeipitia, na mtu huimaliza akiwa hai.

Mungu akupe mdomo wa kuchangamsha nyumba, na akupe marafiki wa kubishana nao hadi uzee wako. Watu wakuamini na siri zao, nawe uzitunze. Ucheke sana, mwanangu, na asiwepo hata mmoja anayevaa kofia yake na kutoka mbele yako akiwa ameumia.