Fundi wa hekalu asiye na kibali cha kuingia

Saa kumi na moja alfajiri, Verl Mortensen amepiga magoti mbele ya kioo kirefu kuliko yeye, anakagua fremu kwa vidole. Ukuta wa mkabala una kioo pacha. Anayesimama katikati hujiona akijirudia bila mwisho. Hapa ndipo Wamormoni, waumini wa dhehebu lenye watu wengi katika jimbo hili la Utah, Marekani, hufungishwa ndoa wanayoamini haivunjwi hata na kifo, na hapa ndipo bintiye, Janae, ataolewa Juni kumi na nne.

"Nimevipima mara nne," anasema, "halafu atakayejitazama humu ni Reed!"

Reed Tuttle, muuza pampu za maji, ni baba wa bwana harusi. Ana kibali cha askofu. Verl hana. Ukarabati ukiendelea, fundi yeyote anaingia, lakini wiki ijayo hekalu litawekwa wakfu upya, na bila kibali hupiti mlangoni, hata kama mlango umeutengeneza wewe.

Kikwazo ni kahawa. Dini yao inaikataza, na Verl, mwenye miaka sitini na moja, amekunywa vikombe sita kwa siku tangu ujana.

Babu wa babu yake, seremala kutoka Denmark, alikuwa miongoni mwa waliolijenga hekalu hili kwa miaka kumi na moja. Mawe yalichongwa kilimani papa hapa, na akina mama wasio na fedha walichangia mayai yaliyotagwa Jumapili. Ngazi ya kuzunguka, inayopanda hadi juu bila nguzo ya katikati, ni kazi ya mzee huyo. Verl ameikarabati kwa miezi minane, kwa dola thelathini na mbili kwa saa.

Juzi Reed alipita kuangalia.

"Kazi safi, Ndugu Mortensen! Usijali, nitakusimulia yote."

"Utanisimulia nini, wewe usiyejua hata nyundo inashikwa wapi?"

Verl hafichi. "Ni wivu. Namwonea wivu mpaka chakula hakipiti."

Janae alijaribu kumtuliza: "Baba, basi tufungie ndoa bustanini, na wewe uone."

"Thubutu! Chumba nimetengeneza mimi, uje uolewe kwenye nyasi?"

Leo ni siku ya thelathini na nane hajaonja kahawa. "Kwa hasira zake, nyumba nzima tunatembea kwa kunyata," anacheka mkewe, Norlene, "ila birika la kahawa kalitupa mwenyewe."

Jumapili ataketi mbele ya askofu kuhojiwa. Ataulizwa kuhusu kahawa, na pia anavyoishi na jamaa na jirani. Kudanganya hawezi, anataka kuingia kwa haki.

Kazi ikiisha, anajifuta vumbi, anavaa koti.

"Nikitoka hapa napita kwa Reed kumwomba radhi," anasema, na sura inamkunjamana. "Ee Mungu, kahawa ilikuwa rahisi."