Baridi Niliyoisikia Tukielekea Muthurwa

Kwenye gari siku hiyo tulikuwa wanne. Mbele alikuwa mume wangu akiendesha, na mimi kando yake. Nyuma alikaa kifungua mimba wetu, binti, ambaye ni msimamizi wa wodi hospitalini na hata nyumbani husimamia. Kando yake alikuwa kitinda mimba, kijana aliyewahi kusomea magari akaachia njiani. Wa tano ni fundi, ambaye tulimkuta njiani, mtaa wa Mowlem. Huyo si wa kwetu, ingawa tulipopiga hadithi tukakuta shangazi yake aliolewa na watu wa upande wa mama yangu, kwa hivyo naye namhesabu. Majina yao yote ninayo, pamoja na la huyo shangazi. Siyaandiki kwa sababu binti yangu amenikataza.

Gari letu ni kuukuu, rangi ya chai ya maziwa. Mume wangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Alikuwa dirishani, akiuza tiketi. Lakini mtu akiuliza habari ya injini yoyote, yeye hujibu kwa niaba ya reli nzima.

Sasa, feni ya gari ilikufa. Feni hiyo hukaa nyuma ya rejeta, lile sanduku la maji yanayopoza injini, na kazi yake ni kuvuta upepo upite hapo. Mzee alinunua nyingine iliyokwisha kutumika, akaifunga mwenyewe uani kwetu Kayole, mimi nikimshikia bisibisi. Nilimwambia twende kwa fundi. Akaniuliza kama najua treni ina feni ngapi. Sikujua. Akaendelea kufunga.

Baada ya hapo gari likaanza kuchemka. Lilichemka tukienda kanisani, likachemka tukienda kliniki, likachemka limesimama tu nje ya duka. Binti yetu akaja, akanywa chai, akatoa hukumu.

"Baba, Jumamosi tunaenda sokoni Muthurwa na kurudi, sisi wote. Ikichemka, inauzwa. Sitaki kupigiwa simu mmekwama barabarani na umri huo."

Mzee akasema sawa. Hakula chakula cha jioni.

Jambo hilo liliniuma kuliko lilivyomuuma yeye. Gari lilipokuwa limelala bila feni, Mzee alishinda nyumbani. Mwanamume aliyestaafu akikosa pa kwenda huanza kukagua jikoni. Alifunua sufuria zangu. Aliuliza kwa nini kitunguu kinatangulia nyanya. Alihamisha chumvi akaiweka mahali alipoona panafaa, na mpaka leo hakumbuki ni wapi. Niliomba Mungu, kwa kutaja kabisa, kuhusu feni.

Jumamosi asubuhi akaniita kando.

"Leo utasikia baridi," akasema.

"Baridi gani, na jua hili?"

"Utasikia. Vaa sweta."

Nikaelewa. Kila mwenye gari bovu anajua kwamba ukifungua hita, joto linatoka kwenye injini linakuja ndani kwa watu. Injini inapata nafuu, watu ndio wanaugua. Nikavaa sweta, juu yake nikajifunga leso, na kichwani kitambaa changu cheupe cha kanisa.

Hatujafika mbali, nyuma wakaanza.

"Baba, mbona ndani hapa ni kama jiko la mkate?"

"Ni hita. Mama yenu anasikia baridi."

"Mama, baridi? Unaumwa?" Binti akanyoosha mkono akanigusa shingo. "Na mbona umelowa jasho?"

"Ni jasho la baridi," nikasema.

"Hiyo ni malaria. Baba, geuza, twende hospitali."

"Hospitali ya nini?" nikamwambia. "Nataka omena ya Muthurwa, wale dagaa wakavu."

Kijana wetu alikuwa amefungua vifungo vyote vya shati na ametoa kichwa dirishani. Mzee naye alikuwa ameshikilia usukani wima, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai. Alikuwa amevaa tai.

Tulipokaribia Mowlem magari yakasongamana, tukasimama. Gari likiwa linakimbia, upepo wa barabara unasaidia kidogo. Likisimama, linaachiwa feni peke yake. Nikautazama mshale wa joto. Ulipanda polepole, kama mtu anayeinuka kanisani kutoa ushuhuda. Kisha mvuke ukatoka kwenye boneti.

"Imechemka," kijana akasema.

"Haijachemka," Mzee akajibu. "Imepata joto."

Binti yetu alitoa simu akaanza kulipiga gari picha, kama mtu anayetafuta mnunuzi.

Kando ya barabara palikuwa na fundi chini ya mabati yake. Tulisukuma gari mpaka hapo. Akanitazama kwanza mimi.

"Shosho, toa hiyo sweta, utaiva."

Nikaitoa. Hakuna aliyeniuliza baridi imeenda wapi.

"Ni gasketi hiyo," kijana wetu akamwambia. "Injini imekwisha."

"Wewe ni fundi?"

"Nilisomea."

"Ukamaliza?"

Kijana akaenda kununua soda.

Fundi hakuwa na haraka. Aliacha injini ipoe kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akayatazama, akasema gasketi, ile inayotenga maji na mafuta ndani ya injini, ni nzima, maana ingekuwa imeungua maji yangeingia kwenye mafuta nayo yangekuwa kama chai ya maziwa. Akaongeza maji, akawasha, akasubiri. Akashika mpira wa juu wa rejeta, akashika wa chini, yote ya moto. Maji yanazunguka, akasema. Hakuna panapovuja. Feni ikaanza kunguruma.

"Na feni inafanya kazi," akasema.

"Vizuri kabisa," Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea pongezi.

Fundi akakuna kichwa. Kisha akaniomba kitambaa. Nilimwambia ni cha kanisa. Akasema atakirudisha kikiwa bado kimeokoka. Akakishika mbele ya rejeta. Feni inapaswa kuvuta, kitambaa kinate pale kama kimegandishwa. Kitambaa changu kilipeperuka kikamfunika uso.

"Eh!" akasema akiwa ndani ya kitambaa. "Hii inapuliza nje!"

Akakitoa, akainama, akafuata nyaya mbili za feni kwa kidole.

"Zimebadilishwa. Ya huku imefungwa kule. Feni inazunguka kinyume, inasukuma joto mbele, upepo wa barabara unalirudisha. Feni na upepo vinapigana humu ndani." Akainuka. "Nani alifunga hizi waya?"

Mzee alikuwa anaangalia gurudumu la nyuma, ambalo halikuwa na shida.

"Ni fundi mmoja wa huko kwetu Kayole," nikasema.

"Huyo hajui kazi," fundi akasema.

"Hajui kabisa," Mzee akasema.

Binti yetu alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akatazama zile nyaya. Akaishusha simu.

"Basi huyo fundi wa Kayole asiguse hii gari tena," akasema. "Baba, utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Akitaka kuigusa tena, inauzwa siku hiyo hiyo."

"Nitamwambia vizuri. Ni mtu mzima, ataelewa."

Fundi akabadilisha nyaya. Kitambaa kikanata mbele ya rejeta, na mpaka sasa kina alama yake ya mistari mistari. Tukafika Muthurwa hita ikiwa imefungwa na mshale umetulia katikati. Njiani Mzee aliniuliza kama bado nasikia baridi. Nikamwambia imeisha.

Gari bado liko. Asubuhi Mzee hutoka nalo, hurudi mchana, na kitunguu changu kinatangulia nyanya bila kuulizwa.

Kama kuna mahali nimekosea, anayejua anisahihishe, nami nitashukuru, maana kumbukumbu ni yangu lakini siku ilikuwa yetu sote. Nilimsomea Mzee haya yote kabla ya mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesahau jambo moja tu: zile nyaya zilikuwa nyeusi zote mbili, na hapo hata fundi mzuri angekosea.