Pesa ya Kalunga Isiyo na Ofisi

Kalunga alikuwa fundi simu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hakuwa na imani na noti ya nchi yoyote. Sikumlaumu. Baba yake, kule kwao Uvira, aliamka siku moja akakuta serikali imebadilisha fedha, na fedha alizouzia ng'ombe wake kumi na mmoja zikabaki karatasi za watoto kuchezea. Yeye mwenyewe alipokimbilia Tanzania hakuweza kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu, maana kitambulisho hana. Akaweka akiba kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la Tamimu, mfanyabiashara wa hapa Kasulu. Baada ya miaka miwili Tamimu akaifunga ile laini, akasema hamjui mtu anayeitwa Kalunga. Mkimbizi angeshtaki wapi?

Mimi nina duka la intaneti na fotokopi karibu na soko, na Kalunga alipitia kwangu kila alipopata kibali cha kuja mjini kununua vipuri. Mwanzoni mwa 2014 alikuja uso unang'aa kama mtu aliyeoa jana. Binamu yake Elie, aliyehamishiwa Kanada, alikuwa amemfundisha bitcoin, pesa ya mtandaoni isiyo na benki wala serikali.

"Dada Zuhra, hii haiulizi kitambulisho," aliniambia. "Hakuna mukubwa ataamuka asubui aseme franga yako imekufa."

Nilimcheka. Nikamuuliza kama mwenye maharage pale sokoni ataipokea. Hakukasirika, akasema si ya maharage, ni ya Prudence. Binti yake huyo alikuwa anamalizia sekondari kambini, naye baba aliapa kwamba Septemba ya mwaka unaofuata ataingia shule ya uuguzi Bukavu, nchini kwao. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mwezi Kalunga alimpa mama yake Elie, aliyebaki kambini, sehemu ya mapato yake, na Elie akamtumia thamani ileile kwa bitcoin.

Simu ya Kalunga ilimpa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa, kwa simu yoyote, na akiyapoteza hakuna wa kumpa mengine. Elie alimsisitiza ayaandike kwenye karatasi na asimwambie mtu, hata mkewe. Kiingereza Kalunga hajui. Aliyanakili mezani kwangu herufi kwa herufi, akitoa jasho.

Mama yangu, Bi Mwamvua, alikuwa anashona mashuka barazani. Aliposikia kwamba nyumba za kambini zinavuja, akaichukua ile karatasi, akaifunga nailoni, akaishonea ndani ya kitambaa cheusi, kimraba kidogo chenye mshono wa kubana na uzi wa kutundikia. Ndivyo bibi yake alivyoshona kule Pangani, na bibi yake hakuwa anashonea karatasi za pesa. Mimi niliona kabisa kwamba kile kitu ni hirizi tupu. Nilikiona kichekesho, nikanyamaza. Sijajisamehe mpaka leo.

Mei 2015 Warundi walimiminika kambini na simu zikaadimika. Kalunga akauza yake kwa bei nzuri ili nauli ya Prudence itimie, akafuta kwanza kila kilichokuwa ndani. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu maneno yalikuwa salama ndani ya kile kimraba, alichokificha kwenye paa juu ya kitanda chake.

Mwezi uliofuata, yeye akiwa huku Kasulu na kibali cha siku tatu, kanisa lao kule kambini lilikuwa na wiki ya kusafisha nyumba. Mchungaji Reverien aliagiza kila familia itoe vitu vya kishirikina ilivyoficha. Eugénie, mke wa Kalunga, alikuwa amemwona mumewe mara nyingi akisimama kitandani na kupapasa paa, na akimuuliza hajibiwi. Akapanda, akakuta hirizi nyeusi. Kwa mwezi mzima alikuwa akiomba Mungu amwonyeshe mumewe anaficha nini, sasa angefanya nini?

Aliipeleka kanisani ikiwa imefungwa vilevile. Mchungaji, anayejua Kiingereza kidogo, aliifumua na kusoma: mara jina la mnyama, mara chombo cha jikoni, mara kitendo, yote hayaungani. Akawaambia waumini kwamba mtu mwenye nia njema haandiki hivyo. Wakaichoma pamoja na mizizi na pembe za watu wengine, na Eugénie akaimba kuliko wote.

Kalunga aliporudi alipokewa mlangoni.

"Papa Prudence, Mungu ametutoa mbali," mkewe alimwambia. "Ile kitu ulikuwa unaficha, tumeichoma."

Hakumgombeza. Alikwenda nyuma ya kanisa, akachokoa majivu kwa kijiti. Kisha akaomba kibali kingine, akaja kwangu. Tulikaa siku mbili tukijaribu kuyakumbuka yale maneno. Alikumbuka maneno saba, tena bila mpangilio, na Elie alipopigiwa simu alisema hana la kufanya. Namba ya kupokelea pesa Kalunga alikuwa nayo kwenye daftari, na hiyo mtu yeyote anaweza kuitazama. Nikaifungua. Pesa zote zilikuwepo, hakuna aliyechukua hata senti.

"Minaiona na macho yangu," alisema. "Ofisi yao iko wapi, dada? Nitaenda na miguu."

Nikamwambia haina ofisi. Haina meneja, haina mahakama, haina hata karani wa kumhonga. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nataka kulia, na yeye akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga hiyo ofisi.

Septemba ilipita. Prudence sasa anauza nyanya sokoni kambini. Ameambiwa kwamba shule ile ilijaa. Eugénie hajaambiwa kitu, na kila Jumapili anasimama kutoa ushuhuda jinsi alivyomwokoa mumewe. Nilimshauri Kalunga amweleze ukweli. Akasema mwanamke yule atajiua, bora aendelee kumshukuru Mungu.

Yeye huja kila apatapo kibali. Hulipia nusu saa, huitazama ile namba, huondoka. Desemba, kwa ujinga wangu wa kutaka kumpa habari njema, nilimwambia kwamba bitcoin imepanda, na zile zake zingetosha kumsomesha Prudence mpaka amalize. Ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza. Alijifuta kwa mkono wa shati, akaniomba nisimtajie bei tena.