Mjukuu wa Kriketi na Barua ya Kijiji

Mjukuu wangu kazaliwa Msumbiji, sifichi. Binti yangu aliolewa huko, mume akafa, akarudi hapa kijijini kwetu Mahege na mtoto mgongoni. Nimemlea mimi. Sekondari alisoma Dar es Salaam kwa mjomba wake, ndiko alikofundishwa kriketi. Mmoja anashika ubao, mwingine anamrushia mpira mdogo, mgumu kama bungo bichi. Wa kwangu ndiye anayerusha, na akirusha, vile vijiti vilivyosimikwa nyuma ya mwenye ubao vinaanguka. Nimeona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Timu ya taifa ya wasichana ikamtaka, ila kwanza alete barua ya kijiji kwamba kwao ni hapa. Bila barua, haendi.

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana wa bara, hajamaliza hata mwezi kwetu. Tukamkuta pale mtani wangu, mzee wa Kindengereko. Koo zetu zinataniana tangu zamani. Akikutukana huruhusiwi kununa.

Mtendaji akamuuliza, "Mzee, binti huyu wa hapa?"

"Wa hapa wapi? Wa Msumbiji huyo. Na bibi yake ndiyo kabisa, Mmatumbi, kaletwa na vita vya Maji Maji. Warudishe wote."

"Kelele, mla kambale," nikamwambia, nacheka.

Mtendaji hakucheka. Aliandika. Mjukuu wangu akachungulia karatasi, akaanza kulia: imeandikwa wenyeji hawamtambui.

Mtani akashika kichwa, akamwambia mtendaji, "Mwanangu, huo utani."

"Mzee, mimi nimekuuliza kiofisi."

Basi nikasema mimi. Babu yangu kazaliwa milimani, Umatumbi. Wajerumani walipochoma vyakula wakati wa Maji Maji, mama yake alimbeba akashuka naye huku, njaa imewashika. Akakulia hapa, akalima mpunga hapa, akafia hapa. Hakuna aliyemdai barua.

"Na kaburi lake alichimba babu yangu," mtani akasema. "Hilo andika. Hilo si utani."

Mtendaji akachana karatasi, akaandika nyingine. Mtani akatia dole gumba kama shahidi, kisha akamgeukia mjukuu wangu.

"Ukifungwa huko usirudi hapa. Pitiliza Msumbiji."

Mjukuu wangu akafuta machozi. "Nikishinda, babu, utahama wewe."

Mtendaji alikuwa ameshika muhuri. Akanitazama mimi kwanza, kama anauliza huo nao ni utani, nikamwitikia kwa kichwa aendelee, ndipo akaugonga.