Mamumunye Niliyowapikia Wageni wa Mama Mkwe

Nisiposema mwenyewe, mawifi zangu watasema na kuongeza chumvi, kwa hiyo heri mlisikie kwangu: mimi ndiye niliyewatimua wanawake wa kanisani nyumbani kwa mama mkwe, wakakimbilia migombani wameshika matumbo, na silaha yangu ilikuwa sufuria moja ya mamumunye.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, kwetu Marangu. Mama mkwe alikuwa na kipande cha ardhi kando ya mfereji, hakikosi maji mwaka mzima, nacho tulikimezea mate mimi na wifi yangu Ndeshi. Yeye alikitaka kwa magimbi, mimi kwa mamumunye. Mama akasema, "Wapikie wageni wangu mamumunye yako Jumapili. Wakiyasifu, kipande ni chako."

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. (Niwaelezeni, si jambo gumu: mamumunye ya kwetu yalikuwa ya kila namna, marefu, ya duara, yenye shingo iliyopinda, mengine nyuzi tupu. Kila msimu nilichagua tunda nene kuliko yote, nikaliacha likomae, nikapanda mbegu zake, na zao likawa linapendeza mwaka hadi mwaka. Hata wewe unaweza.) Msimu uliotangulia nilipata moja zuri mno, nikasema ya nini kuweka mbegu za mengine, nikazikaanga zote tukatafuna. Tena, kwa uvivu wa kujenga kichanja kingine, nikaacha vibuyu vyangu vya maziwa vitambae kwenye ua ule ule wa mamumunye.

Jumapili ikafika, nikapika, na sikuonja. Nionje nini, mbegu si yangu?

Wa kwanza kutia mdomoni alikuwa Mama Elinora, jirani yetu mwenye ulimi mkali. Akafumba macho. Nikadhani ni utamu, nikamwongeza upawa mzima. "Kula mama, usione haya!" Wenzake wakatafuna polepole wakitazama chini, maana nani atakitukana chungu cha mwenye nyumba, na mimi nimesimama katikati yao nawafundisha kuchagua mbegu, mpaka Mama Elinora akashindwa.

"Mama Aika, umetupikia nyongo ya ng'ombe?"

Nikaona ni wivu. Nikachota, nikajaza mdomo mbele ya watu wote, na uchungu ukanipanda hadi masikioni. Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikameza, nikasema, "Chumvi tu imepungua," nikaenda kuongeza chumvi, nikawapakulia tena! Hawakumaliza hata tonge. Matumbo yakaanza kunguruma, mke wa mzee wa kanisa akaondoka mbio, wengine nyuma yake, na Ndeshi akacheka mpaka akakaa kwenye majivu.

Mama mkwe akasukutua kwa maziwa, akatazama nje kwenye ua. "Mwanangu, vibuyu na mamumunye umevilaza kitanda kimoja?"

Ndivyo ilivyokuwa. (Hawa ni ndugu wa damu, ila kibuyu cha maziwa ni kichungu. Nondo wa jioni huruka kutoka ua la huyu hadi la yule, akibeba unga wake. Tunda la msimu ule hubaki tamu, ukalila ukafurahi, kumbe uchungu umeshaingia kwenye mbegu, unakungoja mwakani.)

Kipande kikapandwa magimbi. Nami sikuwa na mbegu nyingine hata moja, ikabidi niende kwa Mama Elinora, ambaye mamumunye yake ya shingo kombo nilikuwa nayacheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunimalizia?"

Akanipa kiganja kizima cha mbegu. "Panda. Ila ukipika, usinialike."

Tangu hapo naweka mbegu za matunda mengi, hata yale mabaya ya sura, vibuyu vyangu viko mbali ng'ambo ya mfereji, na kabla ya kupika naonja kipande kibichi cha kila tunda. Na mtu akinikaribisha chakula akasema, "Sijaonja, lakini ni kitamu," nakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wangu hajapewa majani.